Kombe Bila Mashindano

...na mkono wa Hajira bado umenyooka mbele, ngumi imepinda, kiwiko kinatetemeka, mwalimu Khalfani ameinama anamwuliza kwa upole, siku hizi nyumbani hufanyi mazoezi ya peke yako, na Biasha, mama yake, kwenye benchi la wazazi, anavuta ushungi kana kwamba ukumbi wote huu wa Kibaha umemgeukia, mtoto asiseme, au aseme tu, ni haki yake, aseme kwamba kule nyumbani Kisarawe kila alfajiri alikuwa nyuma ya jiko akipiga ngumi hiyohiyo moja, mara mia, bila mtu mbele yake, akihesabu moja, mbili, tatu kwa ile lugha ya karate, ichi, ni, san, mpaka jirani yao Maua alipochungulia akasema shoga, mwanao anapigana na nani, na lugha hiyo kaitoa wapi, huyo ana jini... na yeye, mama mtu, akaamini, akaenda kuandikiwa kombe, maandishi ya zafarani yakaoshwa kwenye sahani, akamnywesha mtoto siku saba, na Hajira akanywa, akafuta mdomo, akacheka, "Mama, wenzangu kombe wanalipata kwa kushinda, mimi napewa bure," kisha akaacha mazoezi ya nyuma ya jiko, kimya kimya, mama yake asiaibike kwa jirani, na wema huo ndio unaomchoma sasa, maana mwalimu alikuwa ameshawaambia wazazi, kwenye mstari mtoto anabebwa na wenzake, akiwa peke yake ndipo anapoijua ngumi yake inapindia wapi, Biasha akaitikia tu, ndiyo mwalimu, asielewe, ilhali kusuka ukili wa mikeka yeye alijifunza hivyohivyo, peke yake uani, anasuka, anafumua, anasuka tena, na hakuna aliyemwambia ana jini... "Nilikuwa mvivu, sensei," anasema Hajira, hamtazami mama yake, na uongo huo unamwangukia Biasha kama kanga anayotupiwa mtu aliyekutwa uchi, mwalimu anasema haya, rudia, ngumi inarudi kiunoni, inatoka, inapinda palepale, mkanda wa njano wa atakayefaulu uko mezani bado haujakunjuliwa, labda leo hautakunjuliwa, na chini ya kanga kiganja cha Biasha kimejifumba chenyewe, kesho alfajiri atafagia nyuma ya jiko, mawe yote atayaondoa, na Maua akichungulia atamwambia, mwanangu anajifunza shoga, kombe lile nilipaswa kunywa mimi... mkono wa Hajira bado umenyooka, ichi, anahesabu Biasha bila sauti, ichi.