Vipeperushi Mia Mbili vya Sabine

Mimi Razia, fundi cherehani wa ghorofa ya tisa hapa Etobicoke, ughaibuni, siogopi mtu. Muulize mwenye nyumba. Lakini Novemba ile ya 1997 niliogopa karatasi.

Sabine, mwalimu kutoka Burundi, alikuwa anagombea bodi ya shule. Aliniletea vipeperushi mia mbili vya Kiswahili nivigawe katika jengo letu, maana nani humu sijampunguzia suruali? Kwenye picha alikuwa Sabine, na kando yake mwanamke mwingine, na maneno bila kificho: "Mimi na mwenzangu Darlène, miaka sita nyumba moja."

Mama yangu wee! Watu wa jengo letu wampigie kura huyu? Nikajifanya mjuaji. Nikashika mkasi, nikamkata Darlène kwenye vipeperushi vyote. Nilidhani namsaidia Sabine.

Sughra akarudi kutoka kazini, akaenda kutupa maganda ya viazi, akakuta pipa limejaa Darlène. Niseme wazi: nilikuwa nimeishi na Sughra miaka kumi na mmoja. Jengo zima lilijua ni binamu yangu, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia. Kitanda ni kimoja.

Alichota vipande vile akaviweka juu ya cherehani. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Mimi ulishanikata zamani, Razia, nikanyamaza. Sasa nimechoka kuwa binamu. Ukimtupa huyu, na mimi naondoka."

Nikaketi mbele ya cherehani. Nikatia uzi mwekundu, nikaanza kumshona Darlène pale pale alipokuwa, kimoja kimoja. Sughra ananipa vipande.

Kesho yake nikagonga milango yote. Wengine walinifungia. Mama Yvan wa ghorofa ya nne alipapasa mshono, akacheka mpaka akakaa chini.

"Dada Razia, hata karatasi unaipiga cherehani?" Akachukua tatu, za kwake na za majirani.

Sabine akashinda. Nilipomweleza nilichofanya, nilingoja matusi, akanikumbatia. Kipeperushi kimoja chenye uzi kiko ukutani kwake mpaka leo. Mungu ambariki yule mwanamke. Alijitaja mwenyewe mbele za watu, bila mtu kumlazimisha, na mimi nikapata ujasiri wa kuazima.

Siku ya kiapo cha Sabine, mama mmoja mlangoni mwa ukumbi alikuwa anaandika majina ya wageni. Nyuma yetu foleni, nusu yake watu wa jengo letu.

"Na huyu uliyekuja naye ni nani wako?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Sughra akainamia viatu vyake. Alishazoea.

"Mwenzangu," nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya sokoni, ili foleni nzima isikie. Kisha nikamtafsiria yule mama, polepole, asikosee. Sughra alikuwa analia, na mkono wangu ameushika kweli kweli, mbele ya Mama Yvan na wote.