Washauri Waliohojiwa

Kama kuna mtu aliyeingia darasani asubuhi ile akiwa hana wasiwasi hata chembe, basi ni Bi Tulia. Jina lake la kweli lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hospitalini, alikokuwa mshauri nasaha, kila mtu alimwita Bi Tulia, kwa sababu ndilo neno alilompa yeyote aliyeingia chumbani kwake akilia. "Tulia, mwanangu. Tulia, baba." Na watu walitulia kweli! Waliofiwa, waliopata ajali, walionusurika kwenye mafuriko, wote alishawasikiliza, miaka nenda rudi. Sasa yeye na wenzake wachache wamechaguliwa kusomea namna ya kuwahudumia waandishi wa habari, hawa wenzetu wanaokimbilia kulekule ambako sisi wengine tunakukimbia. Moyoni alijisemea, mtu ni mtu na machozi ni machozi, mimi watanifundisha nini?

Loo! Alifundishwa.

Mkufunzi wao alikuwa bwana mnene, mcheshi, aliyekuwa mhariri wa habari kabla ya kugeukia ushauri nasaha. Hakuandika kitu ubaoni. Alisema tu, "Leo kila mmoja wenu atakaa na mwanahabari mmoja. Wamejitolea wenyewe, na yaliyowapata ni ya kweli, si maigizo. Wakipenda watarudi wiki ijayo, wasipopenda ndiyo basi. Haya, nendeni."

Bi Tulia alipangiwa mtangazaji wa redio, dada mmoja mwembamba, macho hayatulii. Kazini walimwita Mubashara, maana hakuna tukio lililotokea mjini asilitangaze akiwa palepale, kelele za watu zikisikika nyuma yake. Lakini tangu soko kuu lilipoungua hajasikika tena. Siku ile alikuwa hewani, moto unawaka mbele yake, na katikati ya sentensi sauti ikakatika. Mpaka leo, ukimkuta mezani ataongea hadi umchoke, ila taa nyekundu ya kuonyesha yuko hewani ikiwaka tu, koo linafunga. Kituo kilimvumilia weee, mwishowe kikachoka. Mwezi ukiisha hajarudi hewani, anahamishiwa chumba cha kuhifadhi kanda na nafasi yake anapewa mwingine. Na yeye alishaapa kwamba siku wakimpeleka huko, anaacha kazi.

Hayo yote Bi Tulia aliyajua kabla hajakaa. Akavuta kiti, akashusha sauti, akauliza swali ambalo ameanza nalo maisha yake yote ya kazi.

"Unajisikiaje, mdogo wangu?"

Mubashara alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kisha akatabasamu, lile tabasamu la kazini. "Mimi niko sawa tu, dada. Ila wewe nakushangaa. Kazi hii uliingiaje? Maana si kila mtu anaiweza."

Swali lenyewe dogo, jamani. Bi Tulia akalijibu kwa adabu tu, ili amchangamshe mwenzake. Likaja la pili. "Na nyumbani, ukirudi umechoka, nani anakusikiliza wewe?" Hapo ndipo alipokwisha. Akasimulia habari za mumewe anayesinzia katikati ya mazungumzo. Akasimulia habari za mama mkwe aliyekuja kuwasalimia na mpaka leo bado anawasalimia. Mubashara anatikisa kichwa, anasema "enhe," anasema "ikawaje?" Mara Bi Tulia akajikuta yuko kwenye msiba wa baba yake mzazi, jinsi alivyowabembeleza ndugu wote mpaka akasahau kulia yeye. Machozi yakamtoka palepale. Mubashara akampa kitambaa.

"Tulia, dada," akamwambia kwa upole. "Tulia."

Kengele ikalia. Muda umekwisha, na mshauri hajajua hata mwenzake ana ndugu wangapi.

Aibu iliyoje! Bi Tulia alirudi darasani akinyata, akidhani ni yeye peke yake. Kumbe! Bwana mmoja, mshauri wa jeshini, mwenye sauti nzito na masharubu, alikuwa ameeleza namna alivyokataliwa na wazazi wa mchumba wake wa kwanza. Mwingine bado alikuwa anapenga kamasi.

"Haya, nani amerudi na nini?" Mkufunzi aliuliza. Akaziangalia nyuso zao, akacheka mpaka akashika tumbo, na darasa zima likaangua kicheko naye, maana lingefanya nini? "Mwanahabari usimwachie mlango wazi hata kidogo. Ukigeuka ameshakaa sebuleni, anakuuliza makochi haya ulinunua wapi. Wala si ubaya. Anapouliza yeye, hakuna wa kumuuliza." Akafuta macho. "Sasa niambieni, nani alianza na 'unajisikiaje'?"

Mikono yote ikapanda. Mkufunzi akaacha kucheka.

"Hilo ni swali letu sisi wanahabari," alisema. "Mama amepoteza mtoto, unamsogezea kipaza sauti usoni, unamuuliza, mama, unajisikiaje? Mimi nimewauliza watu swali hilo mara nisizoweza kuzihesabu, na wengine bado naziona nyuso zao. Ukimrudishia mwanahabari swali hilohilo, umemrudisha mahali ambapo hataki hata kupapita."

Bi Tulia akamkumbuka Mubashara kwenye kile kiti. Kwa hiyo ule mshtuko ndio huo! Amemfukuza binti wa watu kwa mdomo wake mwenyewe. Wiki nzima ile hakuwa na raha. Chai aliitia chumvi, mama mkwe akainywa, akakunja uso, akasema, "Kama umenichoka, sema tu, mwanangu."

Siku ilipofika, aliketi akikodolea macho mlango. Wenzake waliingia mmoja mmoja na watu wao. Wake haji. Alikuwa ameshaanza kukunja shali yake ndipo mlango ukafunguka.

"Mama mkwe ameshaondoka?" Mubashara aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Thubutu!" Bi Tulia aliruka kwa furaha, karibu amkumbatie. "Ila leo humpati, wala mimi hunipati. Leo naomba unifundishe kazi. Ukifika kwenye tukio, kitu cha kwanza unafanya nini?"

Mubashara akamwangalia, akaona anauliza kweli. Akakaa. "Kwanza unatafuta pa kusimama. Moshi usikupige, waokoaji usiwazuie. Unakagua waya. Unawapigia studio, wanakuambia subiri. Halafu unamtafuta mtu aliyeyaona mwenyewe." Mikono yake ilianza kucheza, mgongo ukanyooka. Alikuwa fundi akieleza ufundi wake, na ilipendeza kumtazama.

"Siku ya soko ulisimama wapi?"

Mikono ikatua magotini. "Upande wa wauza nguo," alisema taratibu. "Kulikuwa na mama amekaa chini, amekumbatia cherehani. Ndicho alichookoa. Nikamsogezea kipaza sauti, nikamuuliza... unajua nilimuuliza nini."

"Najua."

"Hakunijibu. Alinitazama tu. Si kwa hasira, dada, afadhali ingekuwa hasira. Na mimi nikakosa la kusema, kimya kikaenda hewani, nchi nzima inasikiliza. Sasa taa ikiwaka, namwona yeye."

Akalia. Akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyebana pumzi muda mrefu. Na Bi Tulia, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, hakumwambia mtu atulie. Alikaa naye akamwacha alie mpaka mwisho. Alipomaliza, Mubashara akacheka kidogo na kusema uso wake lazima umevimba kama andazi. Bi Tulia akakubali kwamba umevimba.

Kuanzia hapo kazi ikaanza. Bi Tulia alikwenda dukani akanunua taa ndogo yenye balbu nyekundu, akaiweka mezani katikati yao. Mubashara aliiona akasimama aondoke. Haikuwashwa siku hiyo, waliongea tu ikiwa imezimwa. Mara nyingine wakaiwasha, koo likafunga, wakaizima, wakapumua, wakaiwasha tena. Halafu Bi Tulia akaleta pakiti ya sabuni ya unga. "Nisomee maelezo, lakini kama taarifa ya habari."

"Habari zilizotufikia hivi punde," Mubashara alianza kwa sauti ya kukwaruza, taa inawaka, "zinasema nguo nyeupe zitenganishwe na za rangi." Walicheka mpaka mkufunzi akaja kuchungulia. Baadaye walisoma dawa ya mbu, wakasoma tikiti ya basi. Kilio hakikukosekana, lakini sauti nayo ilianza kukaa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika. Mubashara alikuwa amewaambia wakubwa zake atajaribu habari ya mchana. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake, hakukuwa na nyingine. Na Bi Tulia yuko nyumbani mezani, kafungwa mdomo na kiapo cha kazi. Siri ya mgonjwa haisemwi hata kwa mume.

"Jamani tunyamaze, nasikiliza habari."

"Tangu lini wewe unapenda habari?" mumewe aliuliza.

"Tangu leo!"

Msomaji wa habari redioni akasema sasa waungane na mwenzake aliyeko mtaani. Kisha kimya. Kimya kikavuta, kikavuta. Bi Tulia kijiko kimemgandia mkononi.

"Hii redio nayo imeshaharibika," mumewe akainuka kwenda kuigonga.

"Ukiigusa tutagombana!"

Ikasikika pumzi moja ndefu, ikiingia na kutoka. Halafu sauti, mwanzo inatetemeka, kisha imara, ya mtu aliyesimama kwa miguu yake: "Bomba kuu la maji limepasuka asubuhi hii, na wakazi wa upande wa mashariki watakosa huduma hadi Jumatano..."

Bi Tulia aliruka kitini, sahani ikaanguka, vigelegele vikatikisa dirisha. Machozi yanamtiririka, anacheka, anapiga makofi.

"Mke wangu, upande wa mashariki ndio sisi!" mumewe alilia. "Maji yanakatika, unashangilia nini?"

"Bomba limepasuka!" Bi Tulia alisema, kwani ndilo pekee aliloruhusiwa kusema. "Limepasuka, jamani! Msikilizeni anavyolieleza!"

Mama mkwe alimtazama mke wa mwanawe, akamtazama mwanawe aliyesimama mdomo wazi. Hakuelewa kitu. Akaweka kikombe chake chini, akavuta pumzi, akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote.