Kahawa Kwenye Chungu

"Mchumia kivulini hulia juani," Ligaya alisema, akiwatazama vijana wawili waliokaa ukingoni mwa maegesho matupu, kila mmoja na mkate wake. Aliwafahamu. Walikuwa wahandisi wa ghorofa ya pili ya jengo lile, enzi ya kiyoyozi na matunda ya bure ofisini.

"Usiwacheke, mama," Arsenio, mumewe, akamjibu kutoka kwenye usukani. Naye alipima vipuri vya kompyuta mpaka kiwanda kikafungwa. "Panda ukaulete mti huo wa mwisho twende. Rogelio anatungoja."

Nyuma ya gari la mizigo majani yalitikisika. Ilikuwa mimea ya maofisi ya Sunnyvale, ambayo Ligaya ndiye aliyeitunza. Kampuni za intaneti zilipoanguka, aliichukua moja moja hadi gereji ya nyumbani kwake, kama mtu anayekusanya yatima. Leo yote ilikuwa inahamia mji wa Stockton, na wao pia. Rogelio, kaka yake Arsenio, alikuwa anafungua ukumbi wa harusi. Arsenio angepata kazi, mimea ingepamba jukwaa. Ligaya angefanya nini huko, hakuna aliyeuliza.

Ghorofa ya tatu zulia lilikuwa bado na alama za miguu ya meza zilizouzwa. Mti wa mpira ulisimama peke yake dirishani, ndani ya chungu chake. Ligaya alijua kuusoma. Kampuni ikianza kuugua, majani ya chini hunyofoka: watu husimama pale wakinong'ona kwenye simu, wakitafuta kazi kwingine, na vidole vinachuma bila wenyewe kujua. Kampuni ikiwa nzima, hakuna anayeukumbuka mti, ila wa kuumwagia kahawa iliyopoa.

Aliinama, akachota udongo, akaunusa.

"Nani kamwaga kahawa humu?"

Kijana akachungulia nyuma ya nguzo, kikombe mkononi. Wenzake wawili walikuwa wamebanana kwenye meza moja, nyaya zimetambaa sakafuni.

"Samahani, mama. Ilikuwa imepoa."

"Na wewe ukipoa tukumwage dirishani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Kijana, jina lake Venkat, akaeleza kwamba mwenye jengo amewaachia kona hiyo kwa kukosa mpangaji.

"Hivi ile neema itarudi?" Ligaya akauliza.

"Wote wanasema imekufa. Baba anataka nikasomee udaktari wa meno."

"Nimekuuliza wewe, si baba yako."

Venkat akakitazama kikombe. "Sijui, mama. Lakini jana kitu chetu kilifanya kazi. Mara moja tu, kikazima."

Ligaya akatoa kitambaa, akafuta jani moja vumbi, juu na chini, taratibu.

"Maji ni Jumatatu," akasema. "Nitakuja mwenyewe."

Akashuka mikono mitupu.

"Mti uko wapi?" Arsenio akauliza.

"Uko kazini. Nisaidie kupandisha mingine miwili, kona ile ina giza. Na Stockton siendi."

"Nani yuko huko juu?"

"Vijana watatu na meza moja."

"Ndiyo neema yenyewe hiyo, Ligaya?"

"Sijui. Wanamwaga kahawa."

 Arsenio akazima gari, akaenda nyuma, akakumbatia chungu kikubwa kuliko vyote. Majani yakamfunika uso.

"Haya," sauti yake ikatoka majanini. "Lakini kaka nilimpa neno langu. Utampigia simu wewe, umwombe radhi."

Ligaya akamshikia mlango.

"Nitampigia. Radhi siombi."