Rufaa ya Njia ya Mizinga

"Sema ukweli tu, baba mdogo." Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo Elieth alimpa Mzee Mathias, na hata hiyo ikamshinda.

Kesi yenyewe haikuhitaji uprofesa. Miaka minane iliyopita Elieth aliwabunia kikundi cha warina asali wa Urambo programu ya simu isiyohitaji kusoma. Kwenye kioo unaona njia ya msituni, mizinga imepangwa kandokando. Asali ikiiva unaugusa mzinga wako, unageuka njano. Baadaye kampuni moja ya Dar es Salaam ikaibuka na mpangilio uleule, mzinga kwa mzinga, ikapewa hataza, haki ya kuumiliki ubunifu huo peke yake. Kikundi kikaamriwa kufuta programu yake. Elieth alipinga akashindwa, na sasa ilibaki rufaa hii, ya mwisho. Alitakiwa kuthibitisha jambo moja: kwamba watu wa nje waliuona mpangilio ule kabla kampuni haijaomba hataza. Kutumiwa na wanakikundi kumi na wawili kwa siri hakuhesabiki.

Baraza la rufaa lilisikiliza kwa video, kwenye chumba cha kukodi Tabora mjini. Wanakikundi walikaa nyuma, wamevaa nguo za Jumapili.

"Shikamoo, mzee," wakili wa kampuni alisema kutoka Dar.

"Marahaba."

"Enzi hizo, kuna mtu wa nje ya kikundi mliyemwonyesha programu hii?"

Mzee Mathias, mwenyekiti wa kikundi, akajinyoosha kitini. "Hakuna. Mrina asali haonyeshi mtu njia ya mizinga yake. Ni mwiko, na mimi ndiye ninayewaapisha wenzangu."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Wakili aliridhika kuliko wote.

Karani aliomba robo saa achape maelezo. Elieth akamvuta baba yake mdogo hadi kwenye ngazi.

"Hata mtu mmoja, baba mdogo? Bwana misitu? Padri?"

Mzee aliitazama kofia yake. "Wapo," akasema polepole. "Nane Nane, maonyesho ya wakulima Dodoma, mwaka ule mlionituma, kabla ya hataza yao. Niliwaonyesha watu programu siku tatu. Foleni ilifika nje ya banda."

Elieth alitamani kulia. Miaka mitatu amezunguka Urambo mpaka Igunga akimtafuta shahidi mmoja wa nje, kumbe foleni nzima ilikuwa kifuani mwa mtu anayekula naye ugali. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini huyu alikuwa akiwafanya tasa watu kumi na wawili.

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya hawa? Bernardo nilimfukuza kikundini kwa kumwonyesha shemeji yake njia ya mizinga msituni tu."

"Rekebisha, baba mdogo. Bado hujasaini. Tukishindwa leo, kila mmoja wao anaifuta."

Walirudi ndani, karani akasoma maelezo yote kwa sauti. Kabla hajamaliza, Elieth alisimama.

"Waheshimiwa, naomba shahidi aulizwe alichofanya Nane Nane ya Dodoma."

Mkuu wa baraza akamuuliza. Wanakikundi wote wakainua macho. Mzee Mathias alikohoa, akageuka akawatazama wenzake mmoja mmoja, kisha akamtazama Elieth.

"Nilikwenda," alisema. "Niliuza asali tu."

Akaomba kalamu, akasaini.