Kadi ya Maisha

Roda alikuwa amezamisha mikono hadi viwiko kwenye karai la povu nesi Jenista alipoingia uani mwa gesti na kiboksi chake cha chanjo. Ilikuwa mwezi wa tano, baridi ya Tunduma imeshaanza, na mashuka ya madereva wa malori yalinuka dizeli na jasho la wagonjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni sindano ya mafua, ulinichoma mwaka jana."

"Hii ni ya kila mwaka, mama. Mafua yanabadilika. Umepita sitini, unafua mashuka ya wanaokohoa, na mkweo ni mjamzito. Yeye hasa mlete. Mtoto mchanga hachanjwi mafua mpaka afikishe miezi sita, anakingwa na ninyi."

Roda alifuta mkono, akachomoa kifuani kadi ya njano anayovukia mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Homa ya manjano alichanjwa mara moja, wakamwambia imetosha maisha yake yote. Basi kwake chanjo zote ni hiyo hiyo. Mbishi huyu, jamani, hata Mungu anamjua.

"Sisi wa mpakani tunajua chanjo," alisema. "Wape wengine. Na mkwe wangu Ikupa mwacheni, mimba haichezewi."

Ikupa alijifungua mwezi wa sita. Mtoto wa kike, akapewa jina la bibi yake. Kila asubuhi Roda mkubwa alimwogesha Roda mdogo, akamkausha kwa joto la kifua chake. Alimpenda mpaka akawa anasahau kula.

Wiki ya nne Roda mkubwa akaamka anawaka homa, pua inachuruzika.

"Mama, leo nimwogeshe mimi?" Ikupa aliuliza taratibu.

"Mimi nina chanjo. Hii ni baridi tu."

Ikupa akamkabidhi mtoto. Angembishiaje mama mkwe?

Siku ya tatu mtoto naye aliwaka homa, akagoma kunyonya. Ya tano walimzika kwenye makaburi ya Chapwa, na mchungaji alipotaja jina la marehemu, Roda aliitikia bila kujua.

Ikupa hakumlaumu. Na hilo ndilo Roda hakuliweza.

Jenista alipopita tena gesti na kiboksi chake, alimkuta anafua kishali kidogo cha mtoto kilichokuwa kimetakata tangu asubuhi. Roda alitoa mkono mmoja kwenye povu. Alipandisha mkono wa sweta mpaka begani, akamgeuzia bega. Mkono wa pili ukaendelea kufikicha.