Moshi Mdomoni mwa Bwana Fredi

Saida Hassani hafagii pakavu. Kwao Mpapura, mwanamke anayetimua vumbi bila kunyunyiza maji kwanza huulizwa amelelewa na nani. Kwa hiyo Jumatatu ile asubuhi, alipokuta kimiminika kisicho na rangi kimevuja chini ya pipa katika ghala analofagia, alichovya mkono kwenye ndoo akanyunyiza, kama alivyofanya kwa miaka kumi na mmoja.

Sakafu ikafuka moshi mweupe. Saida alikohoa mpaka akaanguka, na tangu siku hiyo pumzi yake inakwaruza kama nazi kwenye mbuzi.

Jirani yake wa Rahaleo, Mwalimu Helena wa kemia, alisoma kipande cha lebo ambacho Saida alikiokota.

“Tetrakloridi ya silikoni hii, mama. Wanatengenezea nyuzi za intaneti, na silikoni ya paneli za sola. Haipatani na maji. Ikiyakuta tu inatoa asidi, unabaki unga mweupe, mchanga mtupu.”

Daktari naye alitaka jina hilo liandikwe kwenye fomu ya ajali, lipigwe muhuri wa ghala, ndipo ampeleke Saida kwa bingwa wa mapafu. Saida na Mwalimu Helena wakaenda kwa mkuu wa ghala, Bwana Fredi.

“Bosi, niandikie tu kilichokuwemo pipani.”

“Lilikuwa pipa la sabuni,” akasema Bwana Fredi, na moshi mweupe ukamtoka mdomoni.

Karani wake akafungua dirisha. Bwana Fredi alipoongeza kuwa hata lebo haikuwepo, ukamtoka mwingine, na unga ukadondoka mezani. Mwalimu Helena akaeleza, kwa sauti ile ile ya darasani, kwamba uongo umekutana na mate.

Bwana Fredi akaacha kusema. Akavuta fomu, akaandika: “Sabuni. Mfanyakazi ana mafua.” Karatasi ni kavu, haikufuka. Akagonga muhuri.

Hapo hasira zikampanda Saida. Miaka kumi na mmoja awafagilie, leo mapafu yake yaitwe mafua! Ndoo yake ilikuwa mlangoni. Akachovya mkono, akainyunyizia ile fomu. Ikafuka mpaka Bwana Fredi akatafuta leso. Wote waliokuwemo waliona, na hakuna aliyebisha.

Karani akaandaa fomu nyingine mbili, maneno yale yale, muhuri ule ule. Akazipeleka kwa fundi wa nje ya geti, zikavishwa nailoni pande zote kwa mashine, maji yasipenye. Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakuijua mashine hiyo.

Moja Saida aliipeleka hospitali. Daktari akasoma “mafua”, akampa dawa ya mafua.

Ya pili imetundikwa ofisini. Kila Ijumaa Saida huifuta kwa kitambaa kibichi, huku akikohoa. Haitoi moshi.