Mafaili Yaliyolala

Masjala ya kliniki ya shule ya meno ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Faili la mgonjwa aliyemaliza lilisimama rafuni. La mgonjwa aliyeng'olewa meno na bado hajawekewa mengine, au aliyechimbwa jino na bado hajazibwa, lililazwa juu ya wenzake. Basi. Sheria hiyo aliianzisha karani mwenyewe, ambaye wanafunzi walimwita Mama Faili, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna mgonjwa aliyesahaulika njiani. Kila Jumatatu aliyatazama yaliyolala, akapiga simu, akagomba: "Wewe, mdomo umeuacha wazi unamngoja nani?"

Kisha akaletwa bosi mpya, Bwana Mabadiliko. Jina lake la kweli lilikuwa mlangoni, lakini nani alikuwa na haja nalo? Alikuja na kompyuta kumi na mbili, mafundi wawili, na neno "mfumo" ambalo halikumwisha kinywani. Mfumo utapanga miadi. Mfumo utawagawia wanafunzi wagonjwa. Mama Faili akauliza, na chai yangu je, mfumo utaninywea? Watu wakacheka. Yeye hakucheka, kwa sababu alishaelewa kwamba masjala inafungwa na kwamba yeye atahamishiwa dirishani, kuandikisha wagonjwa.

Wakampa fomu ya kurasa nne aijaze. Swali la mwisho: je, ofisini kwako kuna utaratibu wowote ambao haujaandikwa? Akaandika: Hakuna.

Tuseme ukweli, hakusahau. Alifanya makusudi. Wacha wakwame, alijisemea, watakuja wenyewe kwa upole, Mama Faili tusaidie, na hapo watanijua mimi ni nani. Akaenda zake kwenye semina ya wiki mbili ya kujifunza kubonyeza, sikio likiwa kwenye simu. Haikulia. Mafundi waliingia masjala, wakakuta mafaili mengine yamelala, wakadhani ni uvivu wa mama mtu mzima, wakayasimamisha yote kwa mstari ulionyooka. Tarehe za kurudi zilikuwa kwenye kadi walizobeba wagonjwa, si ndani ya mafaili. Mfumo ulitaka jibu moja tu: anaendelea au amemaliza. Faili halikusema, wao wakabonyeza amemaliza.

Hayo yote aliyajua Alhamisi ya kwanza baada ya semina, siku aliyokuja shemeji yake.

Huyu shemeji, mdogo wa mumewe, alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya manispaa. Meno yake ya juu yalikuwa yanacheza, naye aliyaogopa makoleo kuliko kifo. Mama Faili ndiye aliyembembeleza wiki nzima. Njoo kwetu, alimwambia, wanafunzi wetu wana mikono myepesi, na mimi niko palepale. Wakayang'oa yote ya juu, wakachukua vipimo, wakamwambia angoje meno ya bandia. Miezi minne alikula vya kumeza tu, na utani nyumbani haukwisha. "Shemeji, nitafunie hiyo nyama." "Kwani mimi mke wako?" Alicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Bila meno midomo haina pa kuegemea, na tarumbeta haitoi kitu ila upepo. Kiongozi wa bendi alimshikia kiti mpaka Jumatatu inayofuata Alhamisi hiyo. Baada ya hapo, alisema wazi, kuna mtu mwingine.

Alhamisi hiyo, siku ya kuvishwa meno, alisimama dirishani na shati lililopigwa pasi, kadi mkononi. Mama Faili akabonyeza namba yake. Kioo cha kompyuta kikasema: Amemaliza.

"Ngoja kidogo, shemeji," akasema, akateremka ngazi mbio hadi maabara.

Fundi wa meno alikuwa anafuta meza. "Wiki jana tuliletewa orodha ya waliomaliza," akasema. "Tukaambiwa tutoe vielelezo vyao vya plasta, zile nakala za vinywa vyao, rafu zinatakiwa kwa mashine mpya."

"Mmeviweka wapi?"

"Vimetupwa, mama. Gari la taka lilishapita."

"Na meno?"

"Yalikuwa bado kwenye nta, juu ya plasta hizo hizo. Yamekwenda pamoja." Akakunja kitambaa. "Watu mia moja na kitu hivi."

Alipanda hadi kwa Bwana Mabadiliko, akamweleza kila kitu, mafaili yaliyolala na yaliyosimama. Yule bwana hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomkata maini. Alisema mgonjwa aandikishwe upya, atapewa nafasi ya kwanza iliyopo. Nafasi ya kwanza ilikuwa baada ya miezi saba. Kisha akafungua droo, akatoa ile fomu, akamwekea mbele ukurasa wa nne.

"Tulikuuliza, mama," akasema.

Alirudi dirishani. Angeweza kusema ni kosa la kompyuta, na nani angembishia? Lakini ulimi ulikataa. Akamwambia shemeji yake ukweli wote, mpaka lile neno aliloliandika na sababu ya kuliandika. Watu wa foleni walikuwa wanasikia. Aliona haya hadi masikio yakamwaka moto.

"Mimi ulinileta wewe," akasema shemeji, wala hakuwa mkali.

Akatoa simu, akampigia kiongozi wa bendi. Nyumbani walishazoea matamshi yake, lakini huko upande wa pili sauti ilikuwa inauliza: "Nani? Nani wewe? Sema polepole, sikuelewi." Akarudia. Akarudia tena, polepole, mate yakimtoka, mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akageuza uso. Akaipitisha simu chini ya kioo cha dirisha.

"Mwambie wewe."

Mama Faili akaishika. Akajitambulisha, akasema meno hayapo. Kiongozi akamwonea huruma mpigaji wake, sauti ilionyesha, akauliza basi amtarajie lini, labda anaweza kusogeza siku mbili tatu.

Shemeji alikuwa anamtazama mdomoni, anangoja kusikia atakavyosema.

"Usimngoje," akasema Mama Faili.